Makofi ya Adabu

Kukamua blanketi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, kila mmoja anasokota upande wake mpaka maji yatoke mbio kama yamefukuzwa. Ukiachia kabla mwenzako hajaachia, blanketi linamrudia usoni. Ndiyo maana pale kwenye makaro ya kufulia ya mtaa watu hawakuwa wakikamua na yeyote tu. Dobi alikamua na Mama Pacha, na Mama Pacha alikamua na Dobi, tangu wale pacha wake wakiwa mgongoni.

Asubuhi hiyo walikuwa na blanketi la kijivu la nyumba ya wageni, zito kama mlevi anayebebwa kwao. Dobi alikuwa amevaa fulana yake ya kikundi, imeandikwa mgongoni "Tushiriki". Walikuwa katikati ya kusokota, wakicheka habari ya jirani aliyeanua nguo za watu kwa makosa akaenda nazo kanisani, gari la matangazo lilipokunja kona.

"Wananchi wote mnatangaziwa," kipaza sauti kilikohoa, "kwamba makaro ya kufulia yatafungwa mwisho wa mwezi huu, na eneo lake litakuwa maegesho ya magari. Mpango huu wananchi wenyewe waliupokea kwa makofi katika kikao cha kutoa maoni. Baraza la mji linawashukuru kwa ushirikiano wenu."

Gari likapita. Likarudia maneno yale yale mbele kidogo, halafu mbele zaidi, sauti ikizidi kuwa ndogo bila kubadilika.

Kwenye makaro maji yaliendelea kumwagika bombani. Hakuna aliyekumbuka kufunga.

"Makofi gani?" aliuliza Mama Pacha. Ncha yake ya blanketi bado ilikuwa mkononi. Aliwatazama wenzake, akaitazama ile fulana, akapandisha macho mpaka usoni kwa Dobi. "Ni yale yako."

"Shoga, ngoja kwanza..."

"'Makofi matatu, tafadhali.' Si wewe? Si ulisimama mbele yetu ukainua mkono kama mwalimu wa kwaya?"

Akaachia. Blanketi lilimrudia Dobi kifuani, likamponyoka, likalala kwenye matope.

* * *

Kosa lenyewe lilizaliwa na adabu.

Zamani, watu wa mtaa walipokwenda kwenye baraza, walikwenda kupiga kelele, na walirudi wakifukuzwa na askari. Kikundi cha Tushiriki kilipokuja, Katibu wake, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, aliwaambia kwamba baraza ni mali yao. Kule nyuma ya ukumbi kuna mabenchi ya wananchi, na hayo mabenchi yana vumbi kwa sababu hakuna anayeyakalia. Nendeni mkae, mkasikilize, mkaulize. Lakini nendeni na heshima, ili wasipate kisingizio. Kila msemaji akimaliza, hata kama hamkubaliani naye, mpeni makofi matatu. Pa, pa, pa. Basi.

Dobi alilipenda jambo hilo kuliko wote. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba ukimwambia mtu vizuri atasikia. Alifanywa mhamasishaji, akagonga milango mtaa mzima mikono ikiwa bado na povu. "Njooni jamani, njooni tuulize lile bomba la pili litatengenezwa lini." Watu walikuja kwa sababu ni yeye. Alikuwa amewafulia nguo za maiti zao na nepi za watoto wao, na hakuwahi kumtangaza mtu kwa doa alilolikuta.

Siku ya kikao, afisa mipango alisema kwa muda mrefu. Alisema "kubadili matumizi ya eneo la huduma". Alisema "kuboresha mandhari". Aliposema eneo la huduma karibu na kona, Dobi alijua anasema makaro yao, na aliposikia kuboresha, moyo wake ukaruka: bomba la pili! Afisa akakaa. Dobi akageuka kwa watu wake, akainua mkono.

"Makofi matatu, tafadhali."

Ukumbi ulitikisika. Mwenyekiti wa baraza alitabasamu, akasema anaona wananchi wameridhika, akagonga meza kwa nyundo yake ndogo, akafunga kikao. Muda wa maswali haukufika. Walirudi nyumbani wakisema, haya, tutauliza siku nyingine.

* * *

Mume wa Dobi alikuwa mlinzi wa usiku kwenye lango la tajiri mmoja. Asubuhi ya pili baada ya tangazo alirudi, akavua buti bila kusalimia, akakaa kwenye kigoda.

"Wenzangu wamenipigia makofi," alisema.

Dobi aliweka chai mbele yake.

"Nimefika zamu, nafungua lango, mmoja anasema 'bwana wa Makofi huyo', wote wakapiga. Pa, pa, pa. Mwenye nyumba katoka kuuliza kuna sherehe gani."

"Nisamehe, baba."

"Nilikwambia. Mimi nalinda lango la mtu, nimejifunza jambo moja tu: mwenye lango hapendi kuulizwa. Wewe ukaenda kuuliza. Na hata hukuuliza! Ungeuliza, ningejua mke wangu kauliza, kakatazwa. Umekwenda kuwapongeza."

"Sikuwapongeza. Ilikuwa adabu."

"Adabu!" Aliichukua ile fulana iliyokuwa imeanikwa dirishani, akaifutia buti zake matope, akaitupa mlangoni. "Hiyo ndiyo adabu."

Mama mkwe wa Dobi alikuwa amekaa kitandani chumba cha pili, pazia tu katikati. Magoti yalikuwa yamemkataa, lakini masikio hayakuwa na tatizo lolote.

"Wewe mwanangu," alimwambia mlinzi kupitia pazia, "ulipokuwa mdogo ulimpigia makofi mganga aliyekudunga sindano. Tulikucheka wiki nzima, hatukukufukuza nyumbani. Kunywa chai ulale."

Mlinzi alikunywa chai. Fulana hakuiokota. Mama mkwe alijikokota mwenyewe mpaka mlangoni, akaiokota, akaikung'uta.

Binti yao aliporudi shuleni siku hiyo hakutaka kula. Ilichukua muda kumtoa neno. Alikuwa amejibu swali la hesabu, akajibu sawasawa, na mwalimu akasema, "Mpigieni makofi." Darasa zima likaangua kicheko kabla ya kupiga.

"Sitanyoosha mkono tena," alisema.

Hilo ndilo lililomwuma Dobi kuliko buti na fulana. Alitoka nje akaenda kusuuza sufuria ambayo ilikuwa safi.

* * *

Kwenye makaro hakuna aliyemfukuza. Ingekuwa nafuu. Walimwachia nafasi, na nafasi yenyewe ikawa kubwa mno, kama anayeumwa ugonjwa wa kuambukiza. Beseni lake alilikuta limefunikwa chini juu, pembeni kabisa, kwenye karo lenye ufa ambalo maji hayakai. Akipita, watoto walikuwa wakipiga: pa, pa, pa. Pacha wa Mama Pacha ndio waliokuwa hodari zaidi, kwa kuwa walikuwa wawili na waliweza kupokezana.

Wateja nao walianza kupungua. Mke wa fundi seremala alikuja kuchukua nguo zake zikiwa bado mbichi. "Si kwa ubaya, dada," alisema, ameinamisha macho. "Mume wangu ndiye amesema." Dobi alimkunjia zile nguo mbichi vizuri, akamshikisha, akamwambia azianike upesi zisinuke.

Kilichobaki kilikuwa blanketi za nyumba ya wageni, na blanketi halikamuliwi na mtu mmoja.

Siku ya kwanza mama mkwe alisema atakuja yeye. Alikokotwa mpaka makaroni, akakalishwa kwenye ndoo, akapewa ncha. Alishika kwa moyo wote. Lakini vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi, na Dobi aliposokota kidogo tu, ncha ilimtoka bibi na maji yakamrukia mapajani.

"Lete tena," alisema mama mkwe. "Nimeanza kulizoea."

"Basi mama, inatosha."

"Nani kasema inatosha? Lete."

Wanawake wengine walitazama kando. Mmoja alifanya kama anainuka, Mama Pacha akamtazama, akakaa.

Blanketi zilipelekwa zikiwa na maji ndani. Msimamizi wa nyumba ya wageni alivuta moja puani mbele ya wageni waliokuwa mapokezi.

"Mama, hili linanuka mbwa."

"Halikukauka vizuri, bosi. Nitalirudia."

"Nimesikia mnafungiwa kule. Nianze kutafuta mashine?" Hakuwa mtu mkatili. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua itanyesha au la. "Nakupa wiki hii."

Basi siku iliyofuata Dobi aliifunga ncha moja ya blanketi kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, akasokota kwa ncha ya pili. Ilikubali! Maji yalitoka. Akasokota tena, akaegemea kwa uzito wote, na nguzo, iliyokuwa imeoza chini bila mtu kujua, ikalia kama mlango, ikaanguka. Kamba nzima ikaja nayo. Na kamba ile siku hiyo ilikuwa na sare nyeupe za wauguzi, kazi ya Mama Pacha ya tangu alfajiri, zote zimelala kwenye tope kama bata.

Mama Pacha hakupiga kelele mara moja. Aliziangalia kwanza.

"Umetuuza," alisema. "Sasa unatuchafulia na tulichobakiwa nacho. Tukufanyeje wewe? Eh? Tukupigie makofi?"

"Nitazifua, shoga."

"Mimi si shoga yako!"

"Nitazifua."

Alizifua zote, moja moja, kola kwa kola, bila kuombwa. Jua lilishuka, wengine wakaondoka. Mzee wa Bomba, aliyekuwa na ufunguo wa maji na desturi ya kufunga mapema hata mtu akiwa na sabuni kichwani, alisimama pale akijipapasa mifuko.

"Sijui nimeuweka wapi huu ufunguo," alisema.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi, kila mtu akiuona. Alizunguka, akatazama chini ya mawe, akakohoa, akatazama tena. Aliupata pale Dobi alipomaliza sare ya mwisho.

* * *

Ofisi ya Tushiriki ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukiketi ulisikia misumari ikimwagwa chini. Katibu alimkaribisha Dobi kwa heshima, akamfutia kiti.

"Nataka kwenda kusahihisha," alisema Dobi. "Niwaambie yale makofi hayakuwa ya kukubali."

Katibu alishusha pumzi. Alikuwa hajalala vizuri tangu gari lile lipite, maana yeye ndiye aliyefundisha makofi, na hakuna aliyemkumbusha hilo, na kutokukumbushwa kulikuwa kunamtafuna.

"Mama, kikao kijacho ni cha madiwani wenyewe, kupitisha. Wananchi wanaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza tu. Hawasemi."

"Kwa hiyo siku ya kusema tulipiga makofi, na siku ya kusikiliza ndiyo tunataka kusema."

"Ndiyo utaratibu."

"Makofi ni kura, Katibu?"

"Makofi si kura, mama."

"Basi mbona wameyahesabu?"

Chini, mtu alimwaga misumari. Katibu alinyoosha karatasi iliyokuwa imenyooka tayari.

"Nikwambie ukweli. Tumehangaika kufunguliwa mlango. Wametuahidi kiti kwenye kamati ya mipango. Kiti, mama! Mtu wetu, ndani. Tukileta fujo sasa, mlango utafungwa, na mtaa mzima utapoteza. Tuangalie mbali."

"Mimi siwezi kuangalia mbali, mwanangu. Karo langu liko karibu."

"Ukisimama kusema, utakuwa umesimama peke yako. Kikundi hakitakuwepo."

"Sawa," alisema Dobi. Aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake kama mtu aliyefundishwa vizuri na mama yake. Mlangoni aligeuka. "Ile fulana nikurudishie?"

Katibu alisema hapana, abaki nayo. Hakuweza kumtazama.

Kutoka pale alikwenda makaroni moja kwa moja. Aliwakuta wengi. Alisimama kwenye lile karo lenye ufa, akasema atakwenda kikaoni, na akaomba yeyote anayeweza aje.

Mama Pacha akacheka, kicheko kikavu.

"Twende tena? Safari hii utatupigisha nini, magoti?"

Wengine wakaangua kicheko.

"Nenda mwenyewe, Makofi," aliongeza Mama Pacha. "Waambie tunawashukuru kwa maegesho. Mimi nitaegesha ungo wangu."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Dobi.

* * *

Siku ya kikao, mlinzi alirudi kutoka zamu akamkuta mkewe amevaa gauni lake la misibani na mama yake amevaa viatu. Blanketi za nyumba ya wageni zilikuwa zimelowekwa, na ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya ile wiki aliyopewa.

"Unakwenda kweli," alisema.

"Nakwenda."

"Na blanketi?"

"Zimelowekwa kule karoni. Mungu atazilinda."

Mlinzi alikitazama kitanda alichokuwa amekitamani. Akavaa buti zake tena. "Mungu ana kazi nyingi," alisema. "Nitakaa nazo mimi. Kulinda ndiyo kazi yangu." Halafu, kama aliyejishtukia, akaongeza kwa ukali, "Lakini usirudi hapa unalia."

Mabenchi ya wananchi yalikuwa matupu. Dobi alimkalisha mama mkwe, akakaa. Muda kidogo, mlango ukafunguka, wakaingia wanawake wa makaroni, Mama Pacha mbele. Hawakumsalimia. Walikaa upande wa pili kabisa, mabenchi matatu yakiwa katikati. Hawakuja kumsaidia, walikuwa wamekuja kumwona akiaibika, na mmoja alikuwa na karanga. Katibu naye alikuwepo, mbele kidogo, kwenye kiti cha wageni waalikwa.

Madiwani walipitia mambo yao. Taa za barabarani. Posho. Mbwa wazururaji. Kisha Mwenyekiti akasoma: kubadili matumizi ya makaro kuwa maegesho. "Jambo hili," alisema, "halina mgogoro. Wananchi walilipokea kwa makofi. Naomba tulipitishe twende tukanywe chai."

Dobi alisimama. Alishika benchi la mbele.

"Samahani, Mheshimiwa. Makofi yale yalikuwa yangu."

Vichwa viligeuka.

"Kaa chini, mama. Hapa wananchi wanasikiliza."

"Nimesikiliza, Mheshimiwa. Siku ile hatukukubali. Hatukuelewa. Tulifundishwa kila anayesema tumpigie, ndiyo adabu. Mimi ndiye niliyewaambia wapige. Hawa hawana kosa, walinisikiliza mimi. Kama kuna mtu wa kufungiwa, nifungieni mimi, sio makaro."

"Askari!"

"Tuna bomba moja. Tulikuja kuuliza habari ya bomba la pili..."

Askari wa ukumbi alikuwa mtu mzima. Alimshika Dobi kiwiko taratibu, kama anayemvusha barabara, akamnong'oneza, "Mama, nisamehe. Mke wangu anafua pale pale." Lakini alimvuta. Mama mkwe alijaribu kuinuka, magoti yakakataa, akabaki ananyoosha mkono tu.

Na hapo Katibu, jasho likimtoka, alifikiri ukumbi unaharibika na kile kiti cha kwenye kamati kinaondoka. Alisimama haraka. Alifanya alichokizoea.

"Ndugu wananchi, tuonyeshe ustaarabu wetu. Tumpe Mheshimiwa Mwenyekiti makofi matatu kwa uvumilivu wake. Makofi matatu, tafadhali."

Akapiga la kwanza. Pa.

Hakuna aliyemfuata.

Akapiga la pili, dogo. Wanawake wa makaroni walikuwa wamekaa, mikono imelala mapajani, ile mikono iliyochubuliwa na sabuni mpaka vidole vimejikunja kama vya mtoto aliyekaa majini sana. Aliyekuwa na karanga aliziweka chini. Kijana mmoja wa afisa mipango aliinua viganja vyake kwa mazoea, akaona, akavishusha. Mama Pacha alimtazama Katibu, akamtazama Mwenyekiti, akaiingiza mikono yake chini ya mapaja na kuikalia.

Kofi la tatu halikupigwa. Katibu alibaki na mikono hewani, haijakutana.

Mlangoni, askari alikuwa amesimama bila kumtoa Dobi nje wala kumrudisha ndani.

Diwani mmoja mzee, ambaye kwa kawaida alilala, aliinua kichwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "mara ile walipiga tukasema wamekubali. Leo hawapigi. Tuseme nini?"

Mwenyekiti aligeuza nyundo yake.

"Lirudi kwenye kamati," alisema hatimaye. "Lisikilizwe tena. Na safari hii, muda wa maswali uwe mwanzo." Hakugonga meza. Aliiweka nyundo chini tu.

* * *

Hawakushinda. Hilo lijulikane. Kilichopatikana ni kikao kingine, na vikao havifui nguo. Njiani, wanawake wa makaroni walitembea mbele, kundi zima, wakibishana nani aliyekaa wima zaidi. Dobi alikuja nyuma na mama mkwe, taratibu, mguu baada ya mguu. Hakuna aliyegeuka kuwangoja. Ila mwenye karanga alirudi hatua chache, akamtia bibi karanga kiganjani, akakimbilia wenzake kabla hajashukuriwa.

Makaroni walimkuta mlinzi amelala amekaa, mgongo kwenye ukuta, rungu lake mapajani, blanketi mbele yake kwenye beseni. Beseni lilikuwa limekaa sawasawa. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Mlinzi hodari," alisema mama mkwe. "Wangeiba hata meno."

Alishtuka. Alimtazama mkewe usoni kwanza, kuona kama analia. Hakuwa analia.

"Vipi?"

"Tumerudishwa kwenye kamati."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui, baba."

Aliitikia kwa kichwa, akajinyoosha, akamsaidia mama yake kukaa kwenye ndoo. Aliposhika njia kwenda nyumbani kulala, pacha wa Mama Pacha walimwona Dobi, wakainua viganja vyao, tayari.

"Nyie!" Mama Pacha aliwaita kutoka karo lake. "Mikono yenu haina kazi? Chukueni ndoo mkachote maji."

Wakashusha viganja, wakachukua ndoo.

Dobi alipandisha gauni lake la misibani, akalifunga kiunoni. Alisuuza blanketi la kwanza, akasuuza tena mpaka maji yakawa meupe. Jua lilikuwa bado lipo, lakini si sana. Alilinyanyua, likamvuta chini. Aliangalia nguzo mpya iliyosimamishwa mahali pa ile iliyooza, akajiambia hapana, si hiyo tena. Akamwangalia mama mkwe, naye bibi alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni.

Kivuli kilipita juu ya beseni. Alikuwa Mama Pacha. Uso wake ulikuwa umekunjwa vilevile kama siku zote zile. Aliinama, akatafuta ndani ya maji, akaitoa ncha ya pili, akaikamata kwa viganja vyote viwili, akarudi nyuma mpaka blanketi likanyooka kati yao.

"Usidhani nimesahau," alisema.

"Sidhani."

"Basi sokota. Au mpaka tukupigie makofi?"